Masizi Kwenye Pamba

Inspekta Kathure alikuwa ameinamia meza mpaka pua yake ikakaribia kugusa bahasha ya ushahidi. Jicho moja alikuwa amelifumba. Kwenye lile jingine alikuwa amebana lenzi ndogo ya fundi saa, aliyoiazima sokoni Embu kwa maneno matamu na ahadi ya kuirudisha kabla ya jioni.

"Bosi, umeona nini?" Konstebo Mwaniki aliuliza kutoka mlangoni.

"Nyamaza kwanza."

Mwaniki akanyamaza. Hiyo ilikuwa kazi ngumu kwake, maana Mwaniki ni mtu wa kuongea hata akiwa anatafuna.

Kilichokuwa chini ya lenzi kilikuwa kidogo kuliko ncha ya kidole cha mtoto. Ilikuwa koili ya sigara ya umeme, hiyo ambayo vijana wa mtaa wa Majimbo huita vepu. Ukivuta, betri hupasha moto kiwaya, kiwaya huchemsha majimaji yaliyonyonywa na pamba, nawe unapata mvuke. Hicho kiwaya na pamba yake ndiyo atomaiza, na bila hiyo chombo kizima ni chuma bure. Kwa macho matupu ungeifagia pamoja na makombo. Lakini kwa lenzi, lo! Kiwaya kilikuwa kimejikunja mzunguko baada ya mzunguko, yote sawasawa, hakuna uliompita mwenzake hata unywele. Pamba ilipita katikati, uzi kwa uzi, nyeupe kama theluji ya mlimani asubuhi. Kathure ni mtu wa kutazama maiti na bado akamaliza chai yake. Hapo alishika pumzi.

"Njoo uone kazi ya watu," akasema.

Mwaniki akaja, akabana lenzi jichoni. "Salaale! Hii si ni springi ya kitanda cha sisimizi?"

"Tazama pamba. Umeona vidoa vyeusi?"

"Naona. Si iliungua?"

"Pamba ikiungua huanza pale inapogusa waya. Sasa tazama karibu na waya."

"Nyeupe."

"Nyeupe pe. Weusi uko kwa nje, upande mmoja tu, ule wa juu. Hayo ni masizi, Mwaniki. Yameanguka kutoka juu."

Mwaniki akapeleka pua karibu ili anuse. Kathure akamvuta kola.

"Wewe una wazimu? Unataka kulazwa kitanda cha pili?"

Ni kweli, Mwaniki alikuwa amesahau. Mkemia alikuwa amepiga simu asubuhi hiyo na habari ilikuwa moja tu: kwenye pamba ya koili kuna sumu ya kuua wadudu. Katika chupa ya majimaji hakuna. Katika tanki, chembe tu zilizotoka kwa pamba. Sumu yenyewe ni ile inayombana mtu kifua, ikamtoa mate na jasho, ikamfinya mboni za macho.

Na ndivyo alivyopatikana Murithi, mpima mashamba, mtu wa Githongo, huko Meru, aliyepanga nyumba Majimbo. Jumapili jioni alianguka kwenye buchari ya Ngari akiwa ameshika vepu yake. Tangu siku hiyo alikuwa hospitalini, akipumuliwa na mashine, hajasema neno. Mama yake, Karwirwa, aliteremka kutoka Githongo siku iliyofuata. Alimtazama mwanawe kidogo tu, akauliza ni nani aliyemuuzia kile kitu, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye duka la Nadhira, muuza chaja na vepu wa Majimbo, akasimama mlangoni na kupiga kelele: "Umeniulia mtoto! Muuaji! Umeniulia mtoto!" Watu wakajaa. Mawe yakaruka, vioo vya duka vikavunjika. Polisi walimtoa Nadhira kwa mlango wa nyuma, na walipokwisha kumtoa wakamtia ndani.

Korti ilikuwa imewapa siku chache za kumshikilia, nazo zilikuwa zinaisha kesho. OCS Gachoki, mkuu wa kituo, hakuona ugumu wowote.

"Sumu iko kwa pamba," alikuwa amesema, akigonga meza. "Pamba ilitoka wapi? Kwa Nadhira. Kesho anasomewa shtaka la kujaribu kuua. Wewe Kathure unatafuta nini tena, mfupa kwa maziwa?"

"Natafuta masizi, afande," Kathure alijibu, na bosi wake akadhani anatukanwa.

*

Nadhira aliletwa chumba cha mahojiano bila viatu, kama wanavyokaa mahabusu wote. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, buibui lake limekunjamana, macho mekundu, lakini shingo imesimama wima.

"Nieleze tena mnavyosafisha koili," Kathure akasema.

"Nimeeleza jana. Nimeeleza juzi."

"Na leo utaeleza tena. Mimi sina haraka, dada. Mwenye haraka ni wewe."

Nadhira akavuta pumzi. "Unafungua tanki, unamwaga majimaji yote. Unatoa pamba ya zamani, unatupa. Koili unailoweka kwa maji ya uvuguvugu, halafu kwa spiriti ya kuoshea vidonda. Unapitisha mswaki laini, polepole, kwa sababu huo waya ukipinda, umeenda. Unasuuza. Unakausha. Kukausha ndiyo kazi yenyewe, afande. Watu wengi hawana subira, wanaiwasha ikiwa mbichi, halafu wanakuja kunilaumu ati nimewauzia koili mbovu."

"Murithi alikuwa na subira?"

Kwa mara ya kwanza uso wa Nadhira ukalegea. "Huyo! Huyo alikuwa mwanafunzi wangu wa kwanza darasani. Wengine hutupa koili kila wiki. Yake ilikaa miezi. Nilimwambia koili ni kama mtoto mchanga: muogeshe, mkaushe, mlishe, halafu ndiyo umwamshe. Yaani pamba unailowesha kwanza kabla hujavuta. Na alifuata yote, isipokuwa kitu kimoja."

"Kipi?"

"Mimi nasema kausha waya, halafu weka pamba. Yeye aliweka pamba waya ukiwa bado na maji, ati pamba inanyonya yale yaliyobaki, halafu anaanika zote pamoja. Nikamwambia utachelewa. Akasema atachelewa lakini itakuwa safi." Akapangusa pua kwa mkono. "Alikuwa anavuta pakiti nzima ya sigara, afande. Mtoto wake ana pumu. Aliacha kwa ajili ya huyo mtoto. Mimi nimuue kwa nini?"

"Pamba alichukua lini?"

"Ijumaa. Nilikata kutoka kwa bunda lile lile ninalotumia dukani. Chukueni mpime."

"Tumepima. Ni safi."

Nadhira akainua kichwa. "Na bado niko hapa?"

"Bosi anasema unaweza kuwa ulitia sumu kile kipande kimoja tu."

"Subhanallah." Akacheka kicheko kikavu. "Sawa. Nikwambie ukweli, hata nikitoka hapa nitamuuzia nani chaja? Yule mama aliniita muuaji mbele ya mtaa mzima. Mimi nimezaliwa Majimbo. Watu walionirushia mawe nimekula nao pilau ya Idi. Nyinyi mnaweza kufungua seli. Midomo ya watu mtafunga na kufuli gani?"

Kathure akafungua daftari. Aliuliza swali moja tu: "Aliosha wapi mara ya mwisho?"

"Sijui. Nyumbani kwake, nafikiri."

Nyumbani kwake Kathure alikuwa amekwisha kupekua. Jiko la gesi, sufuria safi, kuta nyeupe. Masizi ya kutosha hata kuchafua kitambaa hayakuwapo.

*

"Basi ni buchari," Mwaniki alisema wakiwa njiani. "Moshi uko huko mwingi. Na pia nyama iko."

"Wewe unafikiria kesi au tumbo?"

"Bosi, mtu anaweza kufikiria yote."

Ngari, mwenye buchari, alikuwa mtu mnene mwenye koti jeupe ambalo weupe wake ulibaki kwenye historia. Aliwaonyesha meza ya pembeni, karibu kabisa na jiko la kuchomea.

"Alikaa hapo. Nikamletea mbavu. Hakuzigusa, akatoa kwanza kafilimbi kake."

"Alikuwa ameshakatumia siku hiyo?"

"Akasema ndiyo anaanza, ati amekajaza majimaji sasa hivi. Alikuwa anakaonea fahari, kama mtu ametoa baiskeli kwa fundi. Akavuta, akacheka. Akaniambia, 'Ngari, leo hii kitu ina ladha ya jikoni kwetu.' Nikamwambia basi vuta nyingi upate na ugali. Akavuta tena, na tena." Ngari akaacha kutabasamu. "Halafu jasho, jameni. Jasho kama mtu wa kulima saa sita. Mate yakamtoka, akawa hawezi kuyameza. Nikamshika kichwa, nikamtazama macho, na ile mboni imebaki kama tundu la sindano. Mimi nimechinja ng'ombe tangu nikiwa kijana, afande, lakini macho kama yale sijapata kuona."

Kathure alichukua karatasi nyeupe, akaiweka pale mezani, akasimama kungoja. Jiko lilitoa moshi, mafuta yakachuruzika kwenye makaa, upepo ukausukuma moshi upande wa meza. Mwaniki akapata muda wa kuagiza nusu kilo. Karatasi ilipopata vidoa vya kutosha, Kathure akabana lenzi, akavitazama, kisha akapitisha kidole. Vidoa vikaburuzika vikawa mistari inayong'aa.

"Mafuta," akasema. "Masizi ya nyama yana mafuta. Yale ya kwenye koili ni makavu, vipande vipande, kama ganda la mti lililoungua. Hapa sipo."

"Kwa hivyo tumekuja bure," Mwaniki akasema, mdomo umejaa.

"Wewe hujaja bure." Kathure alikuwa amekwisha kumgeukia Ngari. "Alisema ladha ya nini?"

"Ya jikoni kwetu."

"Jikoni kwake Majimbo ni gesi. Mtu wa Githongo akisema 'kwetu' anasema wapi?"

Ngari akaelekeza kisu upande wa kaskazini, kuelekea Meru, na Mwaniki akafungiwa nyama yake kwenye gazeti.

*

Walipita Chuka na Nkubu, wakaacha barabara kubwa, wakapanda katikati ya mashamba ya kahawa. Ulikuwa mwezi wa saba, na mwezi wa saba huko Githongo si mchezo. Ukungu ulikuwa umelalia migomba, na kila kamba ya nguo waliyoipita ilikuwa na nguo zilizochoka kuning'inia.

Mama Karwirwa alikuwa amerudi nyumbani kubadilisha nguo na kumwangalia ng'ombe, huku dada yake akishika zamu hospitalini. Walimkuta jikoni, nyumba ndogo ya mbao iliyotengana na ile kubwa, anachochea moto chini ya chungu cha maharagwe. Alikuwa mwanamke mrefu, mifupa mikubwa, kitambaa kimefungwa kichwani kama kofia ya chuma.

"Muga, mama," Kathure akasalimu kwa Kimeru.

"Muga muno. Mmeshamfunga yule msichana?"

"Bado, mama."

"Basi mmekuja kufanya nini huku? Muuaji yuko Embu."

Kathure akaketi kwenye kigoda bila kualikwa. Mtu wa nyumbani haalikwi. "Mama, Murithi alilala hapa Jumamosi?"

"Ni mtoto wangu. Alale wapi tena?"

"Aliosha kale kachombo kake?"

"Kale kafilimbi? Alikaosha hapo kwa karai, kama mtu anaosha jino la dhahabu. Saa nzima. Nikamwambia, Murithi, hata wewe sikukuosha hivyo." Akasukuma kuni ndani ya moto. "Halafu akakaweka dirishani kakauke. Mwezi huu! Dirishani! Hizo shule zilimfundisha nini? Hata nguo zangu ziko kwa kamba tangu juma lililopita."

"Kwa hivyo usiku kalikuwa bado kabichi."

"Kangekuwa kabichi mpaka leo. Alipoenda kulala, nilikachukua nikakaweka pahali vitu hukauka."

"Wapi, mama?"

Mama Karwirwa akaelekeza juu kwa kidevu.

Kila jiko la kuni la miteremko ya Mlima Kenya lina uchaga wake juu ya moto. Wenyewe huuita itara: vijiti vimepangwa karibu na paa, na moshi unapanda katikati yake. Hapo hukaushwa kuni, hapo huhifadhiwa vibuyu, hapo soksi za mtoto hukauka usiku mmoja wakati jua limekataa. Kathure alilelewa chini ya itara. Vijiti vya ile aliyokuwa akiitazama sasa vilikuwa vyeusi tititi, vimevaa masizi ya miaka, na masizi yenyewe yalikuwa makavu, vipande vipande.

Na juu ya kuni, yamefungwa kwa maganda yake na kuning'inizwa kwenye boriti, yalikuwa mahindi.

"Mbegu?" Kathure aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ya mvua ya mwezi wa kumi. Nachagua mwenyewe, magunzi makubwa. Ya duka siiamini."

"Huwa unaweka tu kwa moshi?"

"Mama yangu aliweka kwa moshi tu, na tukala. Lakini fukusi wa siku hizi hawaogopi moshi, wameota ndevu. Mwaka jana walinimalizia yote. Safari hii nimeyapaka dawa."

"Lini, mama?"

"Hiyo Jumamosi, mchana. Kabla Murithi hajafika."

Mwaniki aliacha kuchokonoa meno yake.

"Uliweka kale kachombo wapi hasa?"

"Pale mwisho, panapopata joto."

Kathure akasimama. "Mwaniki, kofia yako."

"Hii? Bosi, ni mpya."

"Ni nyeusi. Lete."

Akapanda juu ya kigoda, akaiweka ile kofia nyeusi pale mwisho wa itara, chali, mahali palipooneshwa. Kisha akashuka. "Sasa mama, fanya kama unavyofanya kila asubuhi. Toa kuni moja uweke motoni."

"Unanichezea?"

"Sikuchezei, mama. Toa kuni."

Mama Karwirwa akainua mkono, akavuta kuni kutoka itarani. Rundo likasogea, vijiti vikatikisika, na mahindi juu yake yakayumba kwenye kamba zake, polepole, huku na huku.

Wakati huo huo ukungu wa nje ulikuwa umefunguka kidogo. Bati la paa lilikuwa na tundu la msumari, na jua likaingia kwa hilo tundu likiwa uzi mmoja mwembamba, likashuka mpaka kwenye kofia. Ndani ya ule uzi wa mwanga wakaliona. Vumbi jeupe, laini, lilikuwa likishuka kutoka kwenye mahindi bila haraka, likimetameta, likizunguka, na vipande vya masizi vikishuka pamoja nalo kama vinacheza ngoma moja. Nje ya ule mwanga hukuona kitu. Lakini lilikuwa linaanguka kila mahali, jiko zima, na kwa hakika lilikuwa limeanguka vivyo hivyo usiku ule wote. Lilikuwa jambo zuri kulitazama. Kathure alijikuta ameshika mdomo, na Mwaniki, yule Mwaniki, akavua miwani yake ya jua kutoka paji la uso kama mtu anayeingia kanisani.

"Mungu wangu," Mwaniki akanong'ona. "Na pamba kazi yake ni kunyonya."

Kathure akaishusha kofia kwa uangalifu, amevaa glavu, akabana lenzi. Masizi meusi, makavu. Kati yake, unga mweupe. Aliichora ile picha kichwani pembeni ya ile ya asubuhi, zikalingana. Pamba mbichi imekaa usiku kucha chini ya mahindi yale, imekunywa kile kilichodondoka, na kesho yake betri ikaichemsha mpaka kifuani mwa mtu ambaye mapafu yake yalikuwa yamekwisha kuchoshwa na sigara.

"Nipe hicho kioo," Mama Karwirwa akasema.

"Mama, si lazima."

"Nimesema nipe."

Hakujua kukibana jichoni, akakishika kwa vidole vikubwa vilivyopasuka kwa kazi ya kahawa. Akatazama. Alitazama muda mrefu, halafu akainua macho kwenye mahindi, halafu akatazama mkono wake wa kulia, ule uliopaka dawa, ule uliochukua kafilimbi dirishani.

"Nilitaka tu kakauke," akasema. "Ili asirudie sigara."

"Najua, mama."

"Ni mimi."

Kathure angeweza kutafuta maneno ya kuzungukazunguka. Hakuyatafuta. "Ndiyo, mama. Lakini hukukusudia. Sheria haina neno na wewe."

Mama Karwirwa hakulia. Aliuondoa ule uchafu mdogo wa masizi uliokuwa kwenye lenzi kwa ncha ya khanga, akairudisha. "Yule msichana analala wapi?"

"Seli. Kesho anapelekwa kortini."

Mama Karwirwa alichomoa kuni motoni moja moja, akazizima kwenye majivu. Akatoka, akamwita jirani juu ya ua, akamwambia amkamulie ng'ombe. Aliporudi alikuwa amevaa sweta na viatu vya kanisani. Alipita mbele ya polisi wote wawili bila kuwatazama, akafungua mlango wa gari, akaketi.

"Mnangoja nini?" akauliza.

Njiani Kathure alimpigia daktari, akamsomea jina la dawa kutoka kwenye paketi waliyoipata jikoni. Daktari akasema ndiyo hiyo waliyokuwa wakiishuku, na matibabu waliyoanza ndiyo yenyewe. Mapigo ya moyo yalikuwa yametulia tangu asubuhi. Zaidi ya hapo hakuahidi. Kathure akamtafsiria mama neno kwa neno, na mama akaitikia kwa kichwa, macho yake barabarani.

*

Walipoingia kituoni Embu, OCS Gachoki alikuwa kaunta. Alisikiliza maelezo ya Kathure mpaka mwisho, akatazama ile kofia ndani ya mfuko wa ushahidi, akaitazama tena. Ukweli lazima usemwe: Gachoki ni mkaidi, lakini si mwovu. Alijikuna kisogo.

"Yaani mahindi," akasema.

"Mahindi, afande."

"Na mimi nilikuwa nimeshaandaa gari la korti." Akageuka kwa askari wa zamu. "Mtoe yule Nadhira. Mama, pole sana. Keti hapo tuandike maelezo mapya, kisha tukupeleke hospitalini ukamwone kijana."

Mama Karwirwa hakuketi. Aliinama, akavua viatu vyake, akaviweka juu ya kaunta. Akafungua kitambaa cha kichwa, akakikunja, akakiweka juu ya viatu. Ndivyo mahabusu wanavyofanya kabla ya kuingizwa ndani. Alikuwa ameona wakimfanyia Nadhira siku ile alipokuja kushtaki.

"Mama, unafanya nini?"

"Niwekeni ndani."

"Kwa kosa gani? Hiyo ilikuwa ajali. Dawa ilianguka yenyewe."

"Dawa ilianguka yenyewe," Mama Karwirwa akasema. "Maneno hayakuanguka. Maneno niliyatoa mimi, kwa mdomo huu, nikiwa na akili zangu. Hilo pia ni ajali?"

Watu waliokuwa kwenye benchi wakingoja shida zao walisahau shida zao. Kathure alikuwa ameona watu wakikana kosa mbele ya ushahidi wa macho, ameona wakiapa kwa watoto wao, ameona wakizimia kwa uongo. Mtu wa kuvua viatu akiomba afungwe kwa neno alilosema, huyo hakuwa amemwona.

Nadhira akatokea kwenye ushoroba, askari nyuma yake. Alimwona yule mama akasimama ghafla. Walikuwa wote wawili miguu mitupu kwenye sakafu ya saruji.

Mama Karwirwa akamweleza. Hakupunguza kitu. Alisema dirisha, itara, mahindi, dawa, mkono wake mwenyewe. Alipomaliza, Nadhira alikuwa amejifunika uso kwa mikono yote miwili.

"Murithi anapumua?" akauliza kutoka nyuma ya mikono.

"Kwa mashine. Lakini anapumua."

"Alhamdulillahi." Akashusha mikono. Macho yalikuwa yamelowa, lakini sauti haikuwa ya kilio. "Ulivunja jina langu, mama. Vioo nitanunua. Jina linauzwa wapi?"

"Ndiyo nimekuja nifungwe."

"Ufungwe ili iweje? Uketi huko kwa baridi, na Majimbo bado waseme mimi ndiye muuaji?" Nadhira akachukua vile viatu vya kanisani juu ya kaunta, akavitua mbele ya miguu ya mwenyewe, kwa kishindo. "Sitaki ufungwe. Vaa viatu. Utakuja mpaka mlangoni kwangu, usimame pale pale uliposimama, useme haya yote kwa sauti ile ile uliyoniitia muuaji."

"Mama ni mtu mzima," Gachoki akaanza. "Labda tungeandika tu barua ya kumsafisha, tukabandika pale..."

"Afande, nyamaza," Mama Karwirwa akasema. Aliinama, akaingiza mguu mmoja, kisha mwingine. Nadhira alimtazama tu, hakumsaidia. Mama aliposimama, alijifunga kitambaa chake upya, akakaza fundo.

"Twende upesi, kabla soko halijafungwa," akamwambia Nadhira. "Nataka watu wawe wengi."